Aliniacha, Aliniachia, Tuliachana: Kutafsiri Habari za Kuachwa

Kazi yangu ni ukalimani. Nakaa kati ya mtu anayesema Kiswahili na mtu anayesema Kiingereza, nachukua maneno ya huyu nampa yule, bila kuongeza wala kupunguza. Wanaohitaji mkalimani mara nyingi hawako kwenye raha. Wako mbele ya afisa, au daktari, au wakili, au mwalimu wa mtoto wao. Katika vyumba hivyo nimesikia habari za kila aina, lakini inayorudi kuliko nyingine zote ni ya mtu kuachwa: na mume, na mke, na mzazi, na mwajiri, na mwenzake wa safari.

Kiswahili kina "kuacha", neno pana sana. Mtu huacha pombe, huacha mlango wazi, huacha shule, huacha mke, huacha wosia. Msikilizaji anajua ni kuacha kupi kwa kuangalia mazungumzo yametoka wapi. Kiingereza nacho kina "leave", pana karibu kama hilo. Lakini nyuma ya "leave" kuna maneno mengi, na kila moja limeshatoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa. Ukimwambia afisa "he left her", umesema mtu fulani aliondoka, basi. Ukisema "he abandoned her", umesema aliondoka akiwa na wajibu, na aliyebaki hakuwa na wa kumshika mkono. "He deserted her" inaongeza kiapo: palikuwa na ndoa, au jeshi, au lindo, naye akalitoroka. "He walked out on her" inakuonyesha miguu yenyewe ikitoka mlangoni, ghafla, pengine ugomvi haujaisha. "He jilted her" haimfai mke wa miaka mingi. Hilo ni la mpenzi au mchumba, hasa yule aliyeachwa harusi ikiwa imekaribia. Na "he stood her up" ni jambo dogo zaidi: walipanga kukutana, mmoja akafika, mwingine hakutokea. Vijana husema kaachwa solemba, au kaachwa kwenye mataa, na picha ni ile ile ya mtu aliyesimama akiangalia njia.

Nikiyatazama maneno haya yote kwa pamoja, naona yanapimwa kwa deni. Anayeondoka alikuwa anadaiwa nini na anayebaki? Deni la kuja kwenye miadi ni tofauti na deni la ndoa, nalo ni tofauti na deni la mzazi kwa mtoto mchanga. Kamusi ndogo za lugha mbili zinaandika "acha, telekeza, tupa" mbele ya yote, kisha mwanafunzi anachagua lile lenye sauti kali kwa sababu moyo unamuuma. Namwelewa. Lakini mbele ya afisa anayeandika, neno kali lisilolingana na maelezo yanayofuata linamfanya msemaji aonekane anatia chumvi, na hapo anaweza kupoteza kitu kikubwa kuliko neno.

Lugha zetu hizi mbili zinapishana zaidi kwenye "kuachana". "Tuliachana" haisemi nani alimwacha nani. Nimesikia mwanamke akisema "tuliachana mwaka juzi", kisha maswali yakaendelea, ikajitokeza kwamba alitoka kazini akakuta kabati limebaki tupu. Hakuwa anadanganya. Alitumia neno la stara, linalomfunika aliyekwenda na kumfunika aliyebaki, maana mara nyingi aibu ya kuachwa humwangukia aliyeachwa. Mimi hapo natafsiri "we separated". Moyoni naweza kuwa nimeshaona kwamba ni "he walked out on me", lakini stara ile ni yake, na mwenye kuivua ni yeye.

Viambishi vingine vinahitaji uangalifu mwingine. "Aliniachia nyumba" ni urithi, "he left me a house". "Aliniacha na nyumba ya kulipia kodi" ni mzigo. Kiingereza hakina kiambishi cha kufanya kazi hiyo, kinahamisha maneno. "He left the children with me" ni amana: kaniamini, huenda jioni atakuja kuwachukua. "He left me with the children" ni yale yale maneno, lakini sasa mimi ndiye niliyeachwa, na watoto wamekuwa kile nilichobaki nacho. Nawaomba wanafunzi wangu wazisome sentensi hizo mbili polepole mpaka wasikie tofauti. Vivyo hivyo "they left him to die" na "they left him for dead". Katika ya kwanza walijua yu hai wakaenda zao. Katika ya pili walidhani, au walimhesabu, kwamba ameshakufa. Katika kesi ya jinai, hapo kuna tofauti kubwa ya nia.

Kuna kikao kimoja nitakieleza kidogo, nikiwa nimebadilisha yote yanayoweza kumtambulisha mhusika. Afisa alimuuliza mama mmoja: "Did he abandon you?" Nikatafsiri: "Je, alikutelekeza?" Mama akatulia. Akasema, "Mwanangu, hebu mwambie hivi. Mimi hakunitelekeza, mimi ni mtu mzima, aliniacha tu. Watoto ndio aliowatelekeza." Nikasema: "He left me. It was the children he abandoned." Afisa akainua macho, akaandika yote mawili, na maswali yaliyofuata yote yakawa juu ya watoto. Yule mama hakusoma sana, lakini alipima maneno vizuri kuliko barua nyingi za mawakili nilizowahi kusoma. "Kutelekeza" ni neno lenye deni ndani yake. Hutelekezi mtu usiyewajibika kwake. Watu husema ametelekeza familia, ametelekeza wazazi, ametelekeza shamba, na kila mara panakuwapo kitu kinachoharibika kwa kukosa mwangalizi.

Sheria za Uingereza zimechimba maneno haya kwa undani ulionifundisha mengi. Chini ya sheria ya ndoa ya mwaka 1973, mume au mke angeweza kuomba talaka kwa kuonyesha kwamba mwenzake alimtoroka kwa muda usiopungua miaka 2 mfululizo. Jina la kosa hilo lilikuwa "desertion". Kutengana kwa vyumba au kwa miji hakukutosha, ilibidi ionekane nia ya kuivunja ndoa. Na majaji walikubali jambo jingine ambalo nilipolisoma mara ya kwanza lilinigusa sana: mtu akifanya maisha ya mwenzake yasivumilike mpaka mwenzake akakimbia, anayehesabiwa kuwa mtoro anaweza kuwa yule aliyebaki ndani ya nyumba. Nimekutana na wanawake waliobeba lawama kwa sababu wao ndio waliofungasha. Tangu tarehe 6 Aprili 2022, England na Wales hazihitaji tena kuthibitisha kosa la mtu ili kutoa talaka, lakini neno lenyewe bado limo kwenye majalada ya zamani na vinywani mwa watu.

Hata meli zina sheria yake. Meli iliyotelekezwa baharini huitwa "derelict", na ili iitwe hivyo mabaharia wawe wameiacha bila tumaini la kuiokoa na bila nia ya kuirudia. Wakishuka kwenda kutafuta msaada, hawajaitelekeza. Jeshini nako mpaka ni huo huo: askari asiyekuwapo bila ruhusa ana kosa lake, na aliyeondoka kwa nia ya kutorudi ana kosa kubwa zaidi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari 306 waliokuwa chini ya jeshi la Uingereza walipigwa risasi na upande wao wenyewe kwa makosa kama utoro na woga. Baadhi yao leo tungesema akili zilikuwa zimevunjwa na mizinga. Msamaha wao ulikuja mwaka 2006. Kila ninapolazimika kutamka "deserter" nawakumbuka hao, kwa kuwa neno hilo linadai kujua alichokusudia mtu rohoni mwake, na kujua hilo ni kazi ngumu mno.

Ni kwa sababu hiyo nikimsaidia mtu kueleza habari yake, swali langu la kwanza huwa dogo tu. Aliaga? Alichukua nini? Amewahi kupiga simu? Majibu hayo yanachagua neno yenyewe.

Maneno mengi ya Kiingereza ya kuachwa yametoka baharini, na hilo halishangazi kwa watu walioishi kwa merikebu. "Left high and dry" ni chombo kilichoachwa mchangani maji yalipokupwa: hakijatoboka, hakijavunjika, kimekosa tu maji ya kukibeba. Nalipenda kwa mtu aliyepoteza msaada aliouzoea. "Cut and run" ni kukata kamba ya nanga badala ya kuivuta, ili kukimbia upesi. Sisi tungesema kula kona. "Stranded" inatokana na neno la ufukwe, nayo haina mkosaji. Ndege ikiahirishwa, abiria wamekuwa "stranded", hakuna aliyewasaliti.

"Maroon" lina historia nzito zaidi. Lilipitia Kifaransa kutoka neno la Kihispania "cimarrón", ambalo huko Amerika liliwataja watumwa waliotoroka wakaishi msituni na milimani wakiwa huru. Kwa hiyo kwanza lilikuwa jina la aliyekwenda zake, baadaye likageuka kitendo cha kumtupa mtu kisiwani. Kiswahili kina "mtoro", na neno hilo nalo limewahi kubeba mtumwa aliyekimbia, askari aliyekimbia, na mwanafunzi asiyeonekana darasani, kana kwamba ni kosa moja. Mtu anayetajwa sana kwa habari za kutupwa kisiwani ni baharia Mskoti Alexander Selkirk. Mwaka 1704 aligombana na nahodha wake akisema meli imechakaa haifai safari, akataka ashushwe kwenye kisiwa kisicho na watu katika bahari ya Pasifiki, upande wa Chile. Nahodha akamshusha. Selkirk akabadili nia, nahodha akakataa kumpandisha tena. Alikaa peke yake mpaka mwaka 1709, na meli ile kweli iliharibika, mabaharia walionusurika wakaangukia mikononi mwa Wahispania. Sasa nani alimwacha nani? Aliomba mwenyewe, kisha akakataliwa alipoomba kurudi. Nimekutana na ndoa za namna hiyo.

Kuhusu kuachwa kazini, nilijifunza kwa mwili wangu. Tulichukua kazi kubwa ya tafsiri tukiwa wawili, mimi na mwenzangu niliyemwamini, na siku za kukabidhi zilipokaribia hakuonekana tena. Simu haikupokelewa. Kazi yote ikaniangukia, na mteja akawa ananitazama mimi. Waingereza wana "left in the lurch" kwa hali hii, kutoka mchezo wa zamani wa Kifaransa wa ubaoni ambamo aliyezidiwa vibaya alisemwa yumo ndani ya "lurch". Lakini lililonifaa zaidi ni "left holding the baby", kuachwa umeshika mtoto, kwa sababu linataja kinachobaki mkononi: jukumu lililo hai, usiloweza kuliweka chini ukaondoka. Wamarekani husema mfuko badala ya mtoto, na mfuko mtu anaweza kuutupa.

Baadaye mteja alipouliza kilichotokea, nilikuwa na uwezo wa kusema "he threw me under the bus", na nilikuwa na hasira ya kutosha. Hilo lisingekuwa kweli. Kumtupa mtu chini ya basi ni kumtoa kafara: unamtaja yeye ili wewe upone. Mwenzangu hakunitaja popote. "Hung me out to dry" nalo ni la mkubwa anayemwanika mdogo wake lawama zinapokuja, akajitenga pembeni. "Washed his hands of it", kunawa mikono, tumelipata sisi na wao kutoka kwa Pilato, nalo linataka mtu aseme waziwazi kwamba hahusiki tena. Mwenzangu hakusema neno. Aliingia mitini tu. Nikamwambia mteja: "He let me down, and the work is now mine." Let me down, aliniangusha. Linatosha. Linasema palikuwa na ahadi na haikutimizwa, na halijifanyi kujua kwa nini. Nilikuja kusikia muda mrefu baadaye kwamba alikuwa anauguza, na nilishukuru kwamba hakuna karatasi yenye jina lake na neno kali zaidi ya hilo.

Sasa niseme la baba yangu, maana bila hilo sidhani kama ningeyajali maneno haya hivi.

Baba aliondoka nyumbani nikiwa mdogo. Hakufa. Mama hakuwahi kusema alitutelekeza. Watu walipouliza alijibu, "Baba yao amesafiri," na kwa miaka baba akawa amesafiri. Nilipokuwa mtu mzima nilitakiwa kuandika kwa Kiingereza, kwa mistari michache, habari za familia yangu kwa ajili ya ombi la masomo. "My father left us" ilikuja upesi, ila ina utata ule ule wa Kiswahili: "ametuacha" na "ametutoka" ndivyo tunavyotangaza msiba, na wao pia husema "he has left us" juu ya marehemu. Sikutaka kumzika mtu aliye hai. "My father abandoned us" ilikuwa na ukweli wake, maana ada haikutoka kwake wala barua haikuja. Nikaiandika, nikaisoma kwa sauti, na nikaona imemfuta mama. "Abandoned" inawachora waliobaki kama watu wasio na mtu. Sisi tulikuwa na mtu. Alikuwa anaamka kabla yetu na kulala baada yetu. Kumweka kwenye fungu la waliotelekezwa, aliyelibeba fungu lote kichwani, kuliniuma kuliko kuondoka kwa baba.

Niliandika: "My father left when I was small, and my mother raised us." Left, bila "us" nyuma yake. Sehemu ya pili ya sentensi ndiyo iliyopewa watoto. Dada yangu, aliyekuwa mkubwa kuliko mimi na aliyekumbuka zaidi, alipolazimika kuandika yake alichagua "abandoned", na sikumpinga hata kidogo. Yeye alimngoja baba mlangoni. Mimi sikumbuki mlango huo.

Kiingereza kina neno moja la watoto ambalo naliheshimu: "foundling", mtoto aliyeachwa akakutwa na mtu mwingine. Mwaka 1739 nahodha mstaafu Thomas Coram alipata hati ya kifalme ya kuanzisha makao ya watoto hao jijini London. Wengi wa mama waliowapeleka waliacha alama, mara nyingi kipande cha kitambaa, ili siku wakiweza kurudi wamtambue mtoto wao. Neno lenyewe linamtaja mtoto kwa yule aliyemkuta, kama sisi tunavyosema mtoto wa kuokotwa. Na wale mama walioacha vitambaa, hapana, siwezi kukubali kuwaita kwa neno moja na mtu aliyeondoka bila kugeuka.

Wako wanaoona Kiswahili ni maskini hapa kwa kuwa "kuacha" kwetu kunafanya kazi za maneno mengi. Sikubaliani nao. Katika Mathayo 27, pale tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 inaposema "why hast thou forsaken me", Kiswahili kinasema "mbona umeniacha?" "Forsaken" ni neno la kale na la ibada, halitumiki tena sokoni. "Umeniacha" anaweza kulisema mtoto wa miaka 3. Uzito wote umebebwa na "mbona", ambayo inauliza na kulalamika kwa pamoja, na sijapata neno moja la Kiingereza la kuitafsiri.

Siku hizi vijana wananijia na jambo jipya, mtu anayeacha bila kuondoka popote. Yupo, simu yake inaonyesha yuko mtandaoni, ila hajibu. Kiingereza kimeliita "ghosting", kugeuka mzimu, na kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani ililiingiza kwa maana hiyo mwaka 2017. Sisi tuna kukaushia na kuchunia. Hakuna mlango uliofungwa, hakuna kwaheri, na aliyeachwa hajui hata aanze lini kuhesabu kwamba ameachwa.

Kijana mmoja alikuja nimsaidie kusahihisha ujumbe kwa binti wanayezungumza kwa Kiingereza. Alikuwa ameandika "You abandoned me". Nikamuuliza kama walikuwa wamechumbiana. Hapana. Waliahidiana lolote? Hapana, walikuwa wanazungumza tu, kila usiku, kwa muda mrefu. Akapendekeza "You ghosted me". Nikamwambia hilo ni sahihi kwa lugha, lakini linafunga shauri: akilisoma ataanza kujitetea, au atanyamaza moja kwa moja. "Wewe unataka nini hasa, kaka, kumshtaki au kujua yuko salama?" Akasema anataka kujua yuko salama, kwa sababu mara ya mwisho alimwambia anaumwa. Kwa Kiswahili angeandika "Kimya kingi, uko salama?" kama wazee wetu walivyoandika kwenye barua zao, na Kiingereza kina cha kulingana nacho: "I haven't heard from you in a while. Are you all right?" Akafuta ya kwanza, akaituma hiyo.